Sukari ya Msibani

Kwa miaka ishirini na miwili Felistas Akech alivusha sukari kutoka Kenya kuingia Tanzania, na katika miaka yote hiyo hakuna karatasi hata moja ya serikali iliyojua kwamba sukari ile imevuka. Kwake hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Baadaye ndilo lililommaliza.

Usimfikirie kama wale wakubwa wa magendo wenye malori na simu tatu tatu. Alikuwa mama mjane wa Sirari, mwenye goti bovu na kicheko kikubwa, anauza sukari, chumvi na majani ya chai katika kibanda cha mabati. Watu walimwita Min Oduol, yaani Mama Oduol, kwa jina la kifungua mimba wake. Dada yake mkubwa, Amondi, aliolewa ng'ambo, upande wa Migori, kwa watu wanaolima miwa na kuipeleka kiwandani. Mama yao mzazi alibaki upande wa Tanzania, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Sirari. Kati ya boma la mama na boma la Amondi hapakuwa na kitu ila mashamba ya mahindi, kijito cha kuruka kwa hatua mbili, na nguzo za mpaka ambazo mbuzi walizitumia kujikunia.

Sasa watu wa huku, Wajaluo kwa Wakurya, hawaendi msibani mikono mitupu. Mwanamke anayekwenda kuzika hubeba unga, au maharage, au sukari, na mwenye ndugu kwenye miwa atabeba nini tena? Pale msibani, karibu na lango, huwekwa meza, na kwenye meza anakaa mtu mwenye mwandiko mzuri na daftari jipya. Sehemu za Sirari mtu huyo alikuwa Simoni, katibu wa kanisa, aliyeandika misiba mingi mpaka kidole chake cha kati kikaota sugu. Anaandika jina lako, unakotoka, ulicholeta. "Amondi, kutoka Migori, sukari kilo ishirini." Wasioleta kitu nao huandikwa, maana wamekuja kulia, lakini mbele ya jina lao anachora kistari kifupi. Daftari hilo familia hulitunza sandukuni miaka na miaka, ili siku msiba ukigeuka ukaingia kwa yule aliyeleta, wajue la kumrudishia.

Sukari ya Felistas ilipita humo humo. Askari gani, naye ana mama yake, atamshusha mzigo kichwani mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni na macho mekundu? Amondi na mashemeji zake walivuka na kilo kumi kumi, ishirini ishirini. Nyingine iliingia kwenye sufuria la msiba, nyingine ikaishia kwenye kibanda cha Felistas, na kutoka hapo ikapakiwa kwenye basi kwenda Mugumu, ikauzwa Morotonga, ikafika mnada wa Kisaka kwa rafiki yake Bhoke. Misiba mingi ilikuwa na marehemu. Michache, tuseme ukweli, haikuwa naye.

Mama yao aliijua biashara hiyo na wala hakuiona ni dhambi. Yeye alitia vijiko vinne katika kikombe kimoja. Chai isiyo na sukari aliiita chai ya mgonjwa, na ukimpelekea aliiangalia tu mpaka ikapoa.

Ndipo ukaja mwaka wa uhaba. Bei ya sukari ilipanda mpaka watu wa Mugumu wakaanza kununua kwa kijiko, na serikali ikatangaza kwamba itaagiza sukari nje kwa utaratibu, kila nchi na fungu lake, na kwamba mipaka italindwa. Wakalinda kweli. Doria iliingia mpaka kwenye mashamba ya mahindi, na wanamgambo wakajifunza kufungua mizigo ya waombolezaji. Felistas alinyang'anywa magunia mara mbili katika mwezi mmoja. Mara ya pili walimshindisha kituoni kutwa nzima, amekaa kwenye benchi na goti lake limevimba, mbele ya vijana waliosoma na mwanawe. Hakuna aliyemtukana. Lakini alirudi nyumbani akiwa amefedheheka hadi mifupani, na siku hiyo akaapa kwamba hatavuka tena kwa kujificha.

Alitaka kitu kimoja tu: sukari yake ipite getini, mchana, ilipiwe ushuru, naye atembee nyuma yake kichwa juu. Akawakusanya wanawake kumi na wawili, Bhoke wa Kisaka akiwa katibu, wakaandikisha kikundi, wakachonga muhuri. Kisha Felistas akavaa gauni lake la Jumapili, akaenda kumwona afisa biashara.

Afisa huyo aliitwa Melkiori, mtu wa kuja, wa mikoa ya kaskazini, mpole, mwenye tabia ya kunyoosha karatasi zake mezani kila anapotaka kusema jambo zito.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba fungu la sukari."

Melkiori alizinyoosha karatasi. Akamgeuzia moja yenye jedwali. Upande wa kushoto yalikuwa majina ya nchi, upande wa kulia tani. Brazil ilikuwamo, na India, na nyingine ambazo Felistas hakujua hata ziko upande gani wa dunia. Brazil aliijua kwa mpira. Hakuwahi kumwona Mbrazili msibani. Chini kabisa paliandikwa Kenya, kwa mpaka wa Sirari, na mbele yake palikuwa na kistari kifupi.

Felistas alikitazama kistari kile. Alikifahamu vizuri. Ndicho Simoni alichowachorea waliokuja mikono mitupu.

"Hapa mmekosea," alisema. "Sirari hatukuleta kitu?"

"Kwa mujibu wa kumbukumbu, mama, hamkuleta." Akamweleza taratibu, na ukweli ni kwamba alieleza vizuri. Serikali inapiga hesabu ya sukari inayopungua nchini. Pengo hilo linagawanywa kwa nchi zinazotuuzia. Na ili kusiwe na kelele, fungu linafuata historia: unaangalia miaka ya nyuma, kila nchi ilileta kiasi gani, kupitia mpaka gani, unampa kila mmoja kwa uwiano huo huo. "Ukimwongezea huyu umempunguzia yule, na kila mmoja ana balozi wake wa kulalamika. Sirari haina balozi."

Mgao wa namna hiyo una akili yake, siubezi. Ila ukiuangalia kwa jicho la mtu wa mpakani, anayepewa ni yule aliyekwisha kupewa, na aliyebeba kichwani miaka ishirini na miwili ni kama hakuzaliwa.

"Historia ipo," alisema Felistas. "Mimi hapa ndiyo historia."

"Ya kwenye karatasi, mama."

"Kwa hiyo tukiwa na karatasi?"

Melkiori alikuwa na watu wengine saba kwenye foleni na simu inayoita. "Kama mna karatasi yoyote inayoonyesha mlileta sukari, leteni kabla ya tarehe thelathini. Wanapitia mgao upya. Mimi nitaituma." Akilini mwake aliona stakabadhi za forodha, ambazo alijua hazipo. Alikuwa anamwondoa kwa adabu.

Felistas yeye alitoka pale moyo unamdunda kwa furaha. Karatasi? Zipo karatasi gani zaidi ya zile! Jina, mahali, kilo, tarehe, kwa mwandiko wa katibu wa kanisa. Huku kwetu hakuna maandishi yanayoheshimiwa kuliko daftari la msiba. Ugomvi wa mipaka ya shamba umewahi kuamuliwa kwa daftari la msiba. Haikumpitia kichwani hata kidogo kwamba kitu kilichoandikwa mbele ya maiti kinaweza kumdhuru mtu.

Akaanza kuzunguka. Simoni alimpa madaftari matano aliyokuwa ameachiwa, baada ya kuwauliza wenyewe. Mengine aliyafuata boma kwa boma, na goti lake lile lile, mpaka Busawe, mpaka Kisaka. Kuazima daftari la msiba si kama kuazima jembe. Watu walimwuliza maswali, wakaitana ndani wakashauriana, kisha wakampa, kwa sababu ni Min Oduol, na kwa sababu aliwaambia kwamba serikali sasa inataka kujua.

Kisaka, Bhoke alimpeleka kwa mzee mmoja aitwaye Mogesi, aliyempoteza mkewe miaka minane nyuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Mzee alinawa mikono kabla ya kwenda kulitoa. Lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa cha mkewe. Alilifungua mara moja, akaangalia ukurasa wa kwanza, akalifunga.

"Litarudi?"

"Litarudi, baba," alisema Felistas. "Mimi mwenyewe nitalileta."

Tarehe ishirini na nane alifika ofisini na madaftari kumi na manne ndani ya mfuko wa salfeti. Melkiori hakuwapo, alikuwa likizo kwao. Karani wa masijala aliyapokea, akayahesabu, akayagonga muhuri moja baada ya jingine, akampa kikaratasi: madaftari kumi na manne, yamepokelewa. Felistas alikisoma kikaratasi kile njiani mara tatu. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya serikali kuijua sukari yake. Akaiweka ndani ya Biblia. Jioni akapita kwa mama yake kumwambia, na yule bibi akacheka, akaomba kijiko cha tano.

Wiki tatu baadaye Melkiori alikuja Sirari mwenyewe, kwa pikipiki, vumbi limemjaa mpaka kope. Felistas alimfungulia soda. Hakuinywa.

"Mama, ulileta nini kule ofisini?"

"Karatasi ulizosema."

"Mimi nilimaanisha stakabadhi za forodha. Za ushuru."

"Ulisema karatasi yoyote."

Hakuwa na karatasi za kunyoosha, akawa ananyoosha suruali magotini. "Nilisema," alikubali mwishowe. Kisha akamweleza. Jalada lilipelekwa Dodoma pamoja na maombi ya kikundi, na nakala ikaenda kwa watu wa forodha, kama utaratibu unavyotaka. Wale wa mgao walijibu kwa mistari miwili: sukari iliyoingia bila kulipiwa ushuru haihesabiki katika historia ya nchi yoyote, fungu la Sirari linabaki kama lilivyo. Wale wa forodha hawakujibu. Wao walikuwa wanaandika orodha.

"Orodha gani?"

"Ya majina, mama. Kila jina lenye sukari mbele yake."

Felistas alikuwa akiyaona majina yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, wengine wakiwa wamekwisha kufa. Alikuwa amewakabidhi wote kwa mkono wake, akatembea kwa miguu kuwakusanya.

"Na madaftari yatarudi lini?"

"Yameshakuwa kielelezo," Melkiori alisema. "Hayarudi." Akasimama, akamwomba radhi, akimwita mama mara mbili, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, angalau Felistas angepata wa kumlaani.

Watu wa forodha wakaja na orodha iliyopigwa chapa. Kibanda cha Felistas kilimalizwa asubuhi moja, wakabeba hata chumvi kwa kuwa ilikuwa gunia moja na sukari. Kwa Bhoke walichukua stoo nzima, wakamfutia leseni. Kikundi kikafa kabla muhuri wake haujachafuka wino. Wanawake waliitwa mmoja mmoja kuhojiwa, wakiulizwa habari za kilo kumi alizopeleka mtu kwenye matanga ya shangazi yake miaka sita nyuma, na wakitoka walipita mbele ya kibanda cha Felistas bila kugeuza shingo.

Bhoke peke yake ndiye aliyekuja. Alisimama nje, hakuketi.

"Mama Oduol, miaka yote tumefichana vizuri. Wewe ndiye umetuandika."

"Sikujua, Bhoke."

"Mzee Mogesi anauliza daftari lake. Kila Jumatano ya mnada ananijia. Nimwambie nini?"

Bhoke alingoja kidogo, kisha akaenda zake kutafuta basi. Siku hiyo Felistas alilia kama mtoto, peke yake, amekaa juu ya gunia tupu. Hakulilia mali. Alilia kwa sababu kulikuwa na mzee Kisaka ambaye mkewe alikuwa amezikwa mara ya pili, safari hii kwenye kabati la ofisi, na aliyemzika ni yeye.

Na Amondi? Jina la Amondi lilikuwamo katika madaftari kumi na moja kati ya kumi na manne. Getini walimjua sasa kwa sura. Kila alipovuka kuja kumwona mama, walimfungua mpaka fundo la leso. Mumewe akaogopa, akamwambia apunguze safari. Amondi akapiga simu.

"Nyaminwa, mdogo wangu, hawa watu wako wananishika ni kama nimeua mtu. Hii maneno itaisha lini?"

"Itaisha," Felistas alimwambia, na alijua anadanganya.

Mama yao alizidi kudhoofika wakati wa masika. Sukari ilikuwa haba na ya bei, Felistas akimnunulia robo robo kama dawa, mpaka siku moja hakuwa na hata ya robo. Alimpelekea chai hivyo hivyo. Yule bibi alionja, akakiweka kikombe chini, akamtazama binti yake.

"Kwani nimeshakuwa mgonjwa?"

"Hapana, mama. Kesho nitaleta."

Alifariki Jumanne adhuhuri, kikombe kiko pale pale.

Watu walikuja. Hilo lazima niliseme, maana ni rahisi kuwasema watu vibaya: walikuja wengi, hata wale waliohojiwa, kwa kuwa marehemu hakuwa na kosa. Walikuja na unga, na kuni, na maharage. Meza ikawekwa langoni kama kawaida, Simoni akakaa na daftari jipya. Akamsalimia wa kwanza, akashika kalamu.

"Usiniandike," yule mama alisema, akaweka unga wake chini, akapita.

Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu hakusimama kabisa mezani, alizunguka nyuma ya zizi. Bhoke alikuja kutoka Kisaka na debe la maharage. Alimshika Felistas mkono, akalia naye, na alipofika kwa Simoni akatikisa kichwa. Mpaka saa tisa ukurasa ulikuwa mweupe. Simoni, aliyeandika misiba ya tarafa nzima, alikaa amelifunika daftari kwa viganja kama anamficha mtu aliye uchi. Felistas aliona yote hayo kutoka mlangoni. Kumbe hata hiki. Siku likiingia jambo kwa hawa watu, nani atajua la kuwarudishia? Alikuwa ameua biashara ya wanawake kumi na wawili, na sasa alikuwa anatazama kitu kikubwa kuliko biashara kikifa mbele ya maiti ya mama yake, na hakuna wa kumlaumu ila yeye.

Saa kumi ndipo Amondi alipoonekana barabarani. Hakupita mashambani. Alikuja kwa njia kuu, kupitia getini, amejifunga leso kiunoni, na mikono yake ilining'inia mitupu. Katika maisha yake yote hakuwahi kuingia boma lile namna hiyo. Alipomwona Felistas akapiga yowe, wakakumbatiana, wakalia mpaka sauti zikakauka.

"Nilibeba kilo ishirini," alisema Amondi alipopata pumzi. "Na risiti ya duka nilikuwa nayo. Nikawaambia ni ya mama yangu, nitalipa ushuru, nitajieni tu. Wameangalia kwenye kompyuta. Wameniambia hakuna cha kulipia, hapa Sirari hakuna fungu. Wamebaki nayo."

Felistas alimshika mkono wakatembea pamoja mpaka mezani, maana aliyefika lazima apite mezani.

Simoni aliinuka akawapa pole. Kisha akamwangalia Amondi kwa mashaka. "Na wewe nisikuandike?"

"Mimi niandike," Amondi alisema. "Ni mama yangu."

Simoni aliandika jina, akaandika Migori. Kalamu ikasimama. "Umeleta nini?"

Amondi alitazama mikono yake. Simoni akamwinulia Felistas macho, akimwomba amsaidie, kwa kuwa binti wa kwanza wa marehemu hachorewi kistari, haijawahi kutokea.

"Weka kistari," alisema Felistas.

Simoni alikichora, kifupi.

"Na wewe, Min Oduol?"

"Na mimi hivyo hivyo."